Mpango uliohesabu watumishi ukasahau kaya: kisa cha moto wa nyika katika kituo cha huduma

Kisa hiki kinahusu familia moja yenye wavulana watatu, iliyokuwa ikiishi na kutumika katika kituo cha huduma ya Kikristo pembezoni mwa jiji la Colorado Springs, Marekani, moto wa nyika wa Waldo Canyon ulipozuka mwezi Juni 2012. Nimekiandika kwa ajili ya wachungaji, wakurugenzi wa vituo, wakuu wa vyuo vya Biblia na wazazi wanaolea watoto ndani ya uzio wa huduma. Moto wenyewe ni habari ya hadharani, kwa hiyo tarehe na takwimu zake nimeziacha kama zilivyo. Jina la kituo na majina ya watu yameondolewa, na mambo kadhaa yanayoweza kuwatambulisha yamebadilishwa.

Mazingira

Colorado Springs imelala chini ya Milima ya Rocky, kwenye mwinuko wa mita 1,800 na zaidi, kilele cha Pikes Peak kikiuangalia mji kutoka magharibi. Ni jiji lenye makao makuu ya huduma nyingi za Kikristo. Navigators wako huko tangu miaka ya 1950, Compassion International ilihamia mwaka 1980, na Focus on the Family ikafuata mwaka 1991. Msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda aliyewahi kumwona mtoto wa jirani akimwandikia mfadhili wake barua kupitia kituo cha Compassion, basi barua hiyo ina uhusiano na jiji hili. Kituo ninachokizungumzia si cha huduma yoyote kati ya hizo tatu. Ni kidogo zaidi: ukumbi, mabweni ya wageni wa mafungo, ofisi, karakana, na nyumba za watumishi zilizopangwa mtelemkoni, zote zikitumia barabara moja inayoshuka hadi getini.

Mtelemko huo ulikuwa na misonobari mirefu, vichaka vya mialoni mifupi na nyasi. Theluji ya msimu uliotangulia ilikuwa haba, masika yakapita makavu, na Juni ikaingia na joto lisilo la kawaida. Moto mwingine mkubwa ulikuwa tayari unawaka kaskazini mwa jimbo tangu tarehe 9 mwezi huo. Kila mtu alijua ni mwaka wa hatari.

Baba wa familia, mzaliwa wa Kenya, alikuwa msimamizi wa majengo na viwanja. Mama anatoka Tanzania. Wavulana walikuwa na miaka 9, 6 na 2, na yule wa kati ana pumu. Gari lilikuwa moja. Mama hakuwa mwajiriwa wa kituo. Alipika wageni wakizidi, alifundisha watoto somo la Biblia siku za kambi, aliwapokea wageni waliofika usiku. Siku asipokuwepo pengo lake lilionekana, lakini jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote ya ofisi. Naomba msomaji alishike hilo, maana kisa chote kinazunguka hapo.

Kituo kilikuwa na mpango wa dharura ulioandikwa, jambo ambalo vituo vingi havina. Ulitaja nani atawaondoa wageni, nani atabeba kumbukumbu za ofisi na kompyuta, nani atafunga gesi, na watumishi wakutane wapi kuitwa majina. Wageni kwanza, kumbukumbu pili, majengo tatu. Kuhusu nyumba za watumishi kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba kila mtumishi atawajibika kwa familia yake. Na baba huyu, kwa mujibu wa mpango huohuo, alikuwa mtu wa mwisho kutoka.

Jumamosi hadi Jumatatu

Moshi ulionekana wazi Jumamosi tarehe 23 Juni, saa sita mchana. Mitaa kadhaa ya magharibi iliamriwa kuondoka siku hiyohiyo, mingine ikashauriwa ijiandae. Kituo kilikuwa katika kundi la pili.

Mkurugenzi hakungoja amri kwa upande wa wageni. Kulikuwa na kundi la mafungo lenye wazee kadhaa, wasiojua barabara za eneo hilo. Kabla ya jioni wote walikuwa wameondoka, na baba wa familia ndiye aliyeendesha basi dogo kwa safari zote mbili. Sababu aliyoitoa mkurugenzi ilikuwa rahisi: mgeni asilazimike kufanya uamuzi mahali asipopajua. Ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya siku hizo nne.

Jioni hiyo mama alimpigia simu mama mmoja wa kanisani kwao, anayekaa mashariki ya jiji, mbali na milima. Akamwuliza moja kwa moja: ikibidi, utatupokea watu watano? Akajibiwa njooni hata sasa. Hawakwenda, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na hili lilikuja kuwa na uzito mkubwa.

Jumapili watumishi waliosalia walikusanyika kuomba. Waliomba Mungu ageuze upepo, awalinde wazima moto, awakumbuke waliokwisha kuhama. Katikati ya maombi ndugu mmoja alisimama akasema kwa moyo wake wote kwamba Mungu ndiye aliyewapa mahali pale na wao hawatapakimbia. Wengi wakaitikia amina. Baadaye mkurugenzi alisema hakuichukulia kauli ile kuwa agizo, ni mtu aliyekuwa anaomba. Mama aliisikia tofauti. Alikuwa amekuja ibadani akiwa amekusudia kumwambia mumewe waondoke siku ileile. Alirudi nyumbani hakusema.

Mchana wote wa Jumapili wanaume walifanya kazi ya maana: kuondoa majani makavu ya misonobari kwenye mifereji ya paa, kufyeka nyasi zilizokaribia kuta, kuhamisha kuni zilizopangwa varandani, kukata matawi yaliyoning'inia juu ya mabati ya karakana. Ndani ya nyumba, mama alifanya yake. Alikusanya pasipoti, karatasi za uhamiaji, vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo kwenye bahasha moja. Kisha akawagawia watoto kazi. Mkubwa kazi yake ni kumshika mkono mdogo na kumfikisha garini. Wa kati kazi yake ni begi jekundu lenye dawa zake. Mdogo kazi yake ni kuvaa viatu, na viatu vya wote vikapangwa mlangoni. Wakafanya mazoezi mara kadhaa, na neno la kuanzia lilikuwa "Kila mtu kazi yake." Watoto waliona ni mchezo mzuri. Mkubwa akaandika orodha kwenye daftari lake la shule: dawa ya mdogo wangu, pasipoti, Biblia ya Bibi, mpira. Biblia ya Bibi ni ya Kiswahili, mama alipewa na mama yake siku alipoondoka nyumbani.

Jumatatu moshi ulishuka. Mtoto wa kati alianza kukohoa alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi kifua kilikuwa kinabana. Mama hakuomba ruhusa tena. Alimwambia mumewe, "Mtoto hapumui vizuri, mimi naondoka nao," naye akamwambia nenda. Alichukua gari lao, baba akabaki akitegemea magari ya kituo. Katibu wa ofisi, aliyekuwa makini sana, aliandika pembeni ya jina la baba: familia imeondoka.

Jumanne

Jumanne tarehe 26 joto lilifika nyuzi 38 za Selsiasi. Hadi mchana moto ulikuwa bado nyuma ya ukingo wa milima, na kutoka mashariki ya jiji ulionekana kama jambo la mbali. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto mdogo alikuwa hajalala kwa sababu blanketi lake lilibaki. Chombo cha kupulizia dawa ya pumu nacho kilisahaulika mezani, wa kati akabaki na inhela tu, ile ndogo ya mkononi. Baba naye alikuwa amevaa nguo zilezile tangu Jumamosi. Mama akaona aende mara moja, achukue vitu, amwachie mumewe nguo safi, arudi. Watoto akawabeba, kwa kuwa mwenyeji wake alikuwa kazini.

Alifika getini kama saa nane mchana. Kijana wa kujitolea aliyekuwa pale anamfahamu, akamfungulia, wakasalimiana. Hakuna kilichoandikwa. Mumewe alikuwa upande wa pili wa kituo akivuta mipira ya maji, na mtandao wa simu ulikuwa unasumbua. Mama akasema moyoni atamkuta akitoka.

Saa kumi upepo ukageuka. Mawingu ya mvua yasiyo na mvua yalisukuma upepo mkali kushuka mlimani, wa kasi ya takriban kilomita 100 kwa saa, ukaufikisha moto kwenye makazi kwa muda mfupi ambao wazima moto wenyewe hawakuutarajia. Amri ya kuondoka ilipanuliwa hapohapo na kulikumba eneo la kituo.

Kituoni mpango ulifuatwa neno kwa neno. Gesi ilifungwa. Watumishi wakakutana maegeshoni, majina yakaitwa, kila aliyeitwa akaitika. Karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Magari yakaanza kutoka. Baba aliendesha la mwisho, na hakupitia nyumbani kwake, iliyokuwa juu, nyuma ya kona, maana alijua hakuna mtu.

Mama alikuwa ndani akikunja nguo. Hakuna king'ora alichosikia, hakuna mtu aliyegonga. Mtoto mkubwa aliyekuwa uani aliingia akasema, "Mama, jua limekuwa jekundu." Mama akatoka, akaangalia juu ya paa la jirani, akaona ukingo wa mlima una moto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akarudi ndani akasema lile neno. Mkubwa akamshika mdogo mkono. Wa kati akavaa begi jekundu mgongoni, akakaa kitini mwake akajifunga mkanda mwenyewe. Mkubwa alipoomba akachukue mpira wake, mama alisema hapana, naye hakubisha. Nguo za baba zilibaki kitandani zimekunjwa.

Geti lilikuwa wazi, hakuna mtu. Akaingia kwenye foleni ya magari iliyokuwa ikishuka mjini. Majivu yalikuwa yanaanguka juu ya kioo, magari yote yamewasha taa na bado ni mchana. Alifunga vipitisha hewa vya gari, akampa wa kati dawa, akaanza kuwaimbisha nyimbo za Sunday school. Simu hazikuunganika. Gari liliposimama kabisa akaandika meseji: "Tumetoka nyumbani sasa hivi. Niko na watoto wote watatu. Usirudi."

Meseji ilimkuta baba kwenye foleni hiyohiyo, mbele yao. Ndipo alipojua kwamba mkewe na wanawe walikuwa nyuma yake, karibu na moto kuliko yeye. Alifungua mlango ili ashuke arudi kwa miguu. Mwenzake aliyekaa naye alimshika mkono, akamsomea meseji kwa sauti: wameshatoka, amesema usirudi. Askari walikuwa wamekwisha kufunga njia ya kupanda. Akarudi kwenye usukani. Walikutana usiku nyumbani kwa mwenyeji wao, na wa kati akalazwa karibu na dirisha la mashariki, lililokuwa na hewa safi kidogo.

Matokeo

Siku hiyo na usiku wake, nyumba 346 ziliteketea jijini na watu wawili wakafa ndani ya mtaa mmoja. Zaidi ya watu 32,000 walihama. Moto uliunguza takriban kilomita za mraba 74, ukadhibitiwa kabisa tarehe 10 Julai. Kituoni iliungua nyumba moja ya mtumishi, iliyokuwa tupu, pamoja na karakana. Ukumbi na mabweni vilisalimika. Nyumba ya familia hii ilibaki, imejaa harufu ya moshi.

Hakuna aliyeumia. Kwenye taarifa ya kituo kwa wafadhili ilisemwa watumishi wote na familia zao waliondoka salama kwa utaratibu uliopangwa. Aliyeandika aliamini hivyo, kwa sababu karatasi ilisema hivyo. Mama aliisoma, akaenda ofisini kwa mkurugenzi na kumsimulia Jumanne ilivyokuwa. Mkurugenzi alinyamaza, kisha akaomba ruhusa aiandike upya. Namheshimu kwa hilo.

Watoto walibaki na yao. Wa kati alianza kukojoa kitandani tena baada ya miaka miwili ya kuacha. Mdogo, kila alipoona wingu, alilinyooshea kidole akisema "moto". Mkubwa alikataa kuvua viatu usiku, na akawa mkali kwa wadogo zake kama askari wa zamu, akiwakagua kila jioni. Jambo moja liliwatia watu wazima wasiwasi bila sababu: kwa wiki kadhaa watoto walicheza mchezo mmoja tu, wa kupanga magari madogo kwenye foleni na kuyahamisha sebule nzima. Mwenyeji alitaka kuuzuia. Mama akauacha, akawa anakaa nao sakafuni na kuwauliza gari hili linakwenda wapi. Mchezo ulipungua wenyewe.

Baba na mama waliumizana kwa maneno kwa muda. Baba aliuliza kwa nini ulirudi bila kuniambia. Mama aliuliza kwa nini ulikaa. Maswali yote mawili yalikuwa ya haki, na ilichukua mzee mmoja wa kanisa kuwaonyesha kwamba jibu la yote mawili halikuwa mikononi mwao peke yao.

Uchambuzi: kilichofaulu

Kazi waliyopewa watoto ndiyo iliyowatoa mle ndani. Mtoto wa miaka sita aliyeambiwa "tutaondoka, usiogope" hana la kufanya isipokuwa kuogopa. Aliyeambiwa begi jekundu ni lako ana jambo la kushika. Tena kazi zilikuwa ndogo kweli, za umri wao, na kila mmoja alikuwa na moja tu. Wavulana wa umri huo wamejaa nguvu zisizotulia, na mama alizielekeza kwenye mambo matatu yanayofanyika ndani ya dakika chache. Upande wa gharama ni ule ukali wa mkubwa baada ya moto. Alipewa jukumu la mdogo wake lakini hakuna aliyemwambia limekwisha. Mshauri wa watoto aliyewasaidia baadaye aliwaambia wazazi wamwambie wazi, mbele ya wadogo zake: umefanya kazi yako vizuri, sasa ni ya Baba na Mama. Alivua viatu wiki hiyo.

Mwenyeji aliyepatikana Jumamosi ni jambo la pili. Siku ya moto watu wengi walichelewa kutoka wakiwa bado wanapiga simu kuuliza waende wapi. Mama alijua anakoelekea, na baba alijua wapi pa kuwakuta hata simu zilipokufa.

Usafi wa mifereji na kuta nao ulilipa. Nyumba nyingi katika moto wa namna hii haziunguzwi na ndimi za moto zinazotembea, bali na cheche zinazorushwa na upepo na kutua kwenye majani makavu ya paa, kuni za varandani au sakafu ya mbao. Nyumba inaweza kushika saa kadhaa baada ya moto wenyewe kupita. Katika jiji hilohilo mtaa wa Cedar Heights, uliokuwa karibu kabisa na msitu, haukupoteza nyumba hata moja, na kazi ya miaka ya kupunguza miti na vichaka, pamoja na wazima moto waliosimama pale, ndiyo inayotajwa. Karakana ya kituo iliyoungua ilikuwa na mbao zilizolundikwa ukutani, ambazo muda wa kuzihamisha haukupatikana.

Na ile meseji. Ina mambo matatu: tuko wapi, tuko wangapi, na wewe usifanye nini. Laiti ingeandikwa "tuko njiani tuombee", naamini baba angeshuka.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Mpango ulihesabu watumishi. Haukuhesabu kaya. Katika kampuni ya kawaida hilo lina mantiki, maana mfanyakazi anaiacha familia nyumbani asubuhi. Katika kituo cha huduma familia imelala mita mia mbili kutoka ofisini. Mke anatumika bila mshahara, watoto wanacheza kwenye uwanja wa ukumbi, na dharura inapokuja wote wamo hatarini sawasawa. Orodha ya mishahara haiwezi kuwa orodha ya kuita majina. Wanne kati ya watu watano wa kaya hii hawakuwemo.

Kosa la pili ni kuchukulia "wameondoka" kuwa hali ya kudumu. Watu hurudi. Hurudia dawa, mbwa, blanketi la mtoto. Ukimlaumu mama kwa kurudi utakuwa umekosea, kwa sababu mtoto asiyelala na mtoto mwenye pumu ni sababu za kweli, na alitumia geti lililokuwa wazi katika eneo lisilokuwa na amri bado. Palipokosekana ni daftari getini. Anayeingia anaandikwa, anayetoka anafutwa, na kabla ya gari la mwisho daftari linasomwa.

La tatu ndilo zito. Baba alipewa kazi ya kuwa wa mwisho bila mtu kuuliza nani atakuwa wa kwanza kwa wanawe. Sentensi ya kila mtumishi kuwajibika kwa familia yake inasikika kama heshima kwa baba wa nyumba, lakini saa zote ambazo angewajibika, kituo kilikuwa kimezichukua. Mtume Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Tunalihubiri hilo kwa wazembe. Sijasikia likihubiriwa kwa bodi za huduma zinazopanga zamu. Mtumishi mwaminifu hatajitoa mwenyewe kwenye zamu, kwa kuwa uaminifu wake ndio unaomshika. Lazima aachiliwe na aliye juu yake, kwa maandishi, kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu lile ombi la Jumapili, sina neno baya kwa ndugu aliyelitoa. Lakini kiongozi alipaswa kusimama baada ya amina na kusema: tunaomba mahali hapa pahifadhiwe, na mwenye watoto wadogo, mgonjwa au hofu aondoke leo kwa amani, tutamsindikiza. Dakika moja tu ya kusema hivyo ingemwezesha mama kuondoka Jumapili na kila kitu chake, blanketi na chombo cha dawa vikiwemo, badala ya kuondoka Jumatatu kwa haraka na kulazimika kurudi Jumanne. Kimya cha kiongozi katika jamii ya imani hujazwa na sauti ya aliyesema kwa nguvu zaidi.

Na jambo dogo kidogo: usiku wa Jumanne televisheni ya mwenyeji iliachwa wazi, picha za nyumba zinazoungua zikirudiwa na kurudiwa, watoto wakiwa sebuleni. Mdogo wa miaka miwili hajui kwamba ni nyumba ileile inayoonyeshwa tena. Kwake jiji lilikuwa linaungua upya kila dakika.

Mwaka uliofuata

Kituo kilibadilisha mpango wake kabla ya majira ya joto ya 2013. Orodha sasa ni ya nyumba kwa nyumba, kila anayelala humo ametajwa, wageni wa familia pia. Mzazi wa mtoto wa chini ya miaka kumi anaachiliwa kwenye zamu zote mara tahadhari ya kwanza inapotolewa, kabla ya amri, na mtu aliyetajwa kwa jina anashika nafasi yake. Daftari lipo getini.

Ulijaribiwa mapema. Tarehe 11 Juni 2013 moto wa Black Forest ulizuka upande mwingine wa jiji, ukateketeza nyumba zaidi ya 480 na kuua watu wawili. Haukufika kituoni, kwa hiyo safari hii kikawa mwenyeji, na orodha ya kaya ikatumika kupanga vyumba ili familia zisitenganishwe. Kisha yakaja mafuriko. Udongo uliounguzwa haunywi maji, na kiangazi hicho mvua fupi zilishusha matope na magogo kutoka makovu ya Waldo Canyon, hasa kupitia mji jirani wa Manitou Springs, ambako mwezi Agosti maisha yalipotea. Kila tahadhari ya mafuriko ilipotolewa, baba aliachia funguo na kwenda nyumbani. Mara ya kwanza, anasema, alijisikia kama mtoro. Mkurugenzi ndiye aliyemsindikiza hadi mlangoni kwake.

Kwa vituo vya kwetu

Tuna vituo vya misioni, hospitali za makanisa, shule za bweni na vyuo vya Biblia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Usambara, Uporoto na nyanda za juu za Kenya, vyenye nyumba za watumishi ndani ya uzio uleule. Kiangazi nyasi hukauka, mtu husafisha shamba kwa moto au hurina asali kwa moshi, upepo ukabeba. Oktoba 2020 mamia ya wananchi walipanda kuuzima moto juu ya Kilimanjaro. Kwetu nyumba nyingi ni za matofali na bati, hazishiki haraka kama za mbao, lakini moshi unamwingia mtoto vilevile, na jiko la kuni nyuma ya nyumba lina lundo lake la kuni ukutani. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kwetu nyumba ya mtumishi mara nyingi ina watu ambao ofisi haiwajui kabisa: bibi aliyekuja kutibiwa, binti wa kazi, watoto wa ndugu wanaosoma hapo. Orodha ya nyumba kwa nyumba inahitajika kwetu kuliko kule.

Swali ambalo kituo kile cha Colorado Springs bado hakijalimaliza ni la gari. Familia nyingi za watumishi zina gari moja, na zamu ikimchukua mzazi mmoja na gari, aliyebaki na watoto anategemea miguu. Bodi ilipendekeza magari mawili ya kituo yakae karibu na nyumba za juu msimu wote wa moto, funguo zikiwa mahali ambapo kila mzazi anapajua. Upande wa bima uliuliza nani ataruhusiwa kuendesha. Akina mama wenye leseni waliandika majina yao siku ileile, na mara ya mwisho kupata habari, karatasi hiyo ilikuwa bado inasubiri sahihi.